Bomba Likipasuka Usiku Mtwara: Ni Nani wa Kumpigia Simu Kwanza

Mkazi wa Mtwara mjini ambaye bomba la nyumbani kwake limepasuka saa nne za usiku anaweza kutegemea mmoja kati ya watano: yeye mwenyewe, fundi bomba wa mtaani, fundi anayepatikana kupitia duka la vifaa vya ujenzi, fundi mwenye cheti aliyezoea kazi kubwa, au mamlaka ya maji, ambayo kwa Mtwara ni MTUWASA na kwa Lindi ni LUWASA. Wengi huwalinganisha kwa bei peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa fundi wa bei ndogo aliyeitwa kwenye tatizo lisilo lake huishia kuwa ghali kuliko wote. Mambo mawili yanatakiwa kujulikana kabla ya bei: maji yanatokea upande gani wa dira ya maji (mita), na kama yanaweza kuzuiwa sasa hivi na mtu aliyepo nyumbani.

Mamlaka au fundi: dira ndiyo inayoamua

Bomba linalotoka barabarani hadi kwenye dira ni jukumu la mamlaka, na kuanzia hapo kuingia ndani ni jukumu la mteja. Kujua tatizo liko upande gani si kazi ngumu. Funga bomba zote za ndani, hakikisha simtanki halijazwi wakati huo, kisha mulika dira kwa tochi ya simu. Ikiwa inaendelea kuzunguka, maji yanapotelea upande wako. Ikiwa imesimama kabisa ilhali ardhi mbele ya nyumba inazidi kulowa, tatizo kwa kawaida liko kwenye bomba la mamlaka, na fundi yeyote utakayemwita hatakuwa na la kufanya isipokuwa kuvunja sheria.

Nasema kuvunja sheria kwa sababu kuchezea miundombinu ya mamlaka ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Mafundi wa mtaani wapo watakaokuambia kwamba ni kazi ya dakika kumi, nao husema kweli kuhusu dakika, lakini siku mkaguzi atakapokuta kiungo kisicho cha mamlaka kabla ya dira, atakayeulizwa habari za kuiba maji ni mwenye akaunti, wala si fundi. Kwa upande huo, basi, mamlaka haina mpinzani, hata kama itachelewa kufika.

Kuchelewa kwenyewe hupungua ukitoa taarifa iliyokamilika. Taja namba yako ya mteja, mtaa, alama ya karibu inayojulikana, na useme kama maji yanachirizika taratibu au yanavuka barabara. Taarifa ya "kuna bomba limepasuka huku Chuno" haimsaidii mtu wa zamu, ambaye anahitaji kujua ni valvu gani ya mtaa aifunge. Ukiona umepuuzwa siku baada ya siku, EWURA ndiyo inayosimamia mamlaka za maji na inapokea malalamiko ya wateja, ila hiyo si njia ya usiku wa leo.

Kazi ambayo hakuna fundi atakayekufanyia kwa wakati

Tuchukulie bomba lililopasuka linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 1,200. Ukilala ukamngojea fundi kwa saa nane bila kufunga kitu, zimeondoka lita 9,600, na kwa kuwa uniti moja ya maji ni lita 1,000, umelipia karibu uniti kumi zilizoishia sakafuni. Kama maji hayo yanatoka kwenye tangi la lita 1,000, litakuwa tupu ndani ya dakika 50, pengine kabla bodaboda ya fundi haijafika. Ndiyo maana katika robo saa ya kwanza mwenye nyumba anayejua koki zake ana thamani kuliko fundi hodari aliyeko Naliendele.

Nyumba nyingi za mjini zina vyanzo viwili vya maji, yaani laini ya mamlaka na simtanki lililo juu ya mnara, na jambo hili huwachanganya watu wakiwa na hofu. Mtu hukimbilia kwenye dira, hufunga, hurudi ndani na kukuta maji bado yanaruka kama mwanzo, kwa sababu yanashuka kutoka kwenye tangi. Kama bomba lililopasuka liko baada ya tangi, koki ya kufunga ni ile iliyo chini ya tangi, na laini inayoingia tangini inaweza kubaki wazi. Kwa mitaa inayopata maji kwa mgao tofauti hii ni kubwa: aliyefunga koki ya dira usiku mzima amekosa maji ya siku mbili au tatu zijazo, na aliyefunga ya chini ya tangi ameamka na tangi lililojaa. Na kabla ya kufunga yoyote, kinga ndoo na madumu, maana hujui fundi atamaliza saa ngapi.

Hapa niseme kidogo kuhusu koki zenyewe, kwa kuwa uchaguzi wake hufanywa siku ya kujenga na majuto huja siku ya dharura. Koki kuu za kuzungusha, zile ambazo mafundi huziita geti valvu, zikikaa miaka bila kuguswa hukwama, na kwenye nyumba za Shangani, ambako hewa ya bahari yenye chumvi hufika kila siku, hukwama mapema zaidi. Mwenye nyumba huja na spana, hulazimisha, shina hukatika, na sasa bomba lililokuwa likivuja chumba kimoja halina tena kitu cha kulizuia. Koki yenye mpini mrefu, inayofungwa kwa robo mzunguko, ni bora kwa mji wa pwani: ukiitazama tu unajua kama iko wazi au imefungwa, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifunga. Ukiichagua ya shaba na ukaifunga na kuifungua mara moja moja, haitakugomea.

Kuhusu kuziba kwa muda, kinachofaa hutegemea bomba. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa kwa kuvutwa na kukazwa kwa waya huzuia tundu dogo la kutu kwenye bomba la chuma hadi asubuhi, na sioni aibu yoyote katika njia hiyo. Kwenye bomba la plastiki lililopasuka kwa urefu tyubu haifui dafu, kwa kuwa presha huendelea kuupanua ufa chini yake. Tredi tepu, ambayo watu huizungusha juu ya ufa mpaka inakwisha, imetengenezwa kwa ajili ya uzi wa kiungo, yaani ile mikato ya kukazia, na juu ya ufa haizuii kitu. Gundi ya plastiki nayo inahitaji bomba kavu. Ukiipaka huku maji yanadondoka, umetupa gundi.

Mafundi watatu, mabomba manne

Fundi wa mtaani ana sifa moja ambayo wengine hawana: yuko karibu. Mara nyingi ndiye aliyelaza mabomba ya nyumba yako au ya jirani, hivyo anajua laini inapita chini ya kibaraza na wala haigusi ukuta wa jikoni, na maarifa hayo huokoa vigae. Hulipwa kwa maelewano, na deni la siku mbili halimtishi kwa kuwa mnakutana msikitini au gengeni. Upungufu wake ni vifaa. Hubeba begi lenye spana ya bomba, msumeno, tepu na viungo viwili vitatu alivyobakiza kwenye kazi iliyopita, na usiku, maduka yakiwa yamefungwa, hutumia alichonacho hata kama hakilingani.

Fundi wa dukani, yaani yule anayekaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi akisubiri wateja, hufaa mchana. Nyuma yake kuna rafu nzima ya elbo, tii, soketi na yunioni, na akikosea kipimo hurudi kubadilisha bila ugomvi na muuzaji. Lakini anafahamiana na duka, na si ajabu akakuandikia orodha ndefu kuliko shida yako. Mimi ningempa kazi iliyo wazi machoni, kama kubadilisha koki, sinki au koki ya boya ya tangi, na nisingempa kazi ya kutafuta mahali maji yanapovujia ndani ya ukuta.

Fundi mwenye cheti, kwa mfano aliyesomea ufundi bomba katika chuo cha VETA, ambacho Mtwara na Lindi vyote vinacho, ndiye wa kuitwa pale palipo na pampu, hita ya maji ya moto, mabomba yaliyofukiwa ukutani, au nyumba ya ghorofa. Ana vifaa vya kupima presha na hukupa maelezo ya maandishi ukiyataka. Kumpata usiku kwa kazi ya koki moja ni vigumu, na akija, gharama yake itakuwa ya kazi kubwa. Hata hivyo, cheti peke yake kisikupofushe. Kwenye bomba la zamani la chuma, mzee ambaye hajawahi kukalia dawati la chuo, lakini amekata uzi wa mabomba maisha yake yote, mara nyingi humshinda kijana mwenye karatasi, na kwenye mabomba mapya ya kuchomelea kijana humshinda mzee.

Na hapa ndipo ulinganisho wa mafundi usipowezekana bila kulinganisha mabomba. Bomba la chuma huhitaji kukatwa uzi au kufunguliwa kwenye yunioni. Ukiwa karibu na bahari, sehemu ya uzi ndiyo inayooza kwanza, kwa kuwa kukata uzi huondoa zinki iliyokuwa ikilinda chuma. Bomba la plastiki la gundi ni rahisi kwa fundi yeyote, ila lililoachwa juani miaka mingi hukakamaa na hupasuka pembeni mwa kiungo unachorekebisha, kwa hiyo fundi mwangalifu hukata kipande kirefu kuliko unavyotarajia na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Bomba jeusi la rola huunganishwa kwa viungo vya kukaza kwa mkono, kazi ya muda mfupi hata kwa mwanga wa tochi. PPR, lile la kijani au jeupe lenye ukuta mnene, huchomelewa kwa mashine inayopashwa moto hadi nyuzijoto 260, na mashine hiyo inatumia umeme. Fundi asiye na mashine, au mwenye mashine siku umeme umekatika, hana atakachokufanyia zaidi ya kufunga laini na kukuaga. Mwulize kuhusu mashine kabla hujamlipia nauli.

Jambo la vipuri lina uzito wake kwa watu wa Kusini, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa za madukani hupanda kutoka Dar es Salaam kwa barabara moja. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo upande wa Kilwa na magari yakakwama. Soketi mbili za kipimo cha nyumba yako, koki moja, tredi tepu na kopo dogo la gundi ndani ya boksi la stoo havigharimu kitu cha kutisha, na humgeuza fundi wa mtaani asiye na vifaa kuwa fundi kamili saa sita za usiku.

Usiku huu au kesho asubuhi

Mtazamo wangu ni kwamba dharura nyingi za bomba hukoma kuwa dharura dakika ile koki inapofungwa. Kazi ya usiku hufanyika gizani, kwa vipuri vya kubahatisha, kwa nauli ya kwenda na kurudi, na mara nyingi hufuatiwa na kazi ya pili ya mchana, kwa hiyo unalipa mara mbili kwa kiungo kimoja. Ningemwamsha fundi usiku kwa sababu tatu tu: koki imegoma kufunga na maji yanaendelea, maji taka yanapanda na kumwagika ndani, au nyumbani kuna mgonjwa, mzazi au mtoto mchanga ambaye hawezi kukaa bila maji na hakuna jirani wa kukinga kwake.

Maji yakifika kwenye soketi, hita au swichi, hilo halianzii kwa fundi bomba. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama huwezi, toa watu nje na uwaite TANESCO. Moto ukiwaka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mpangaji ana hatua moja zaidi. Ampigie mwenye nyumba kabla ya kumwita fundi, au amtumie ujumbe wenye picha kama simu haipokelewi, kwa kuwa matengenezo yaliyofanywa kimya kimya ndiyo yanayozua ubishi siku ya kukatana kwenye kodi.

Maji taka: hapa watu ni wengine kabisa

Choo kinapojaa badala ya kushuka, fundi bomba wa maji safi anaweza kuwa si mtu wako. Uamuzi ni kati ya vijana wa kuzibua, wanaotumia waya au fito, na gari la kunyonya. Kinachowatofautisha ni kufunua chemba ndogo iliyo karibu zaidi na nyumba. Ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya choo na chemba, na kijana mwenye waya atakimaliza. Ikiwa imejaa, sogea hadi kwenye shimo. Shimo likiwa limejaa hadi juu, kuzibua ni kupoteza fedha, maana maji hayana pa kwenda, na unahitaji gari. Likiwa halijajaa, kizuizi kiko kati ya chemba na shimo, na hapo unarudi kwa vijana.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua za huku kwetu, shimo linaweza kujaa kwa sababu ardhi yenyewe imelowa na haipokei tena. Gari litanyonya leo na baada ya siku chache maji yatakuwa yamerudi. Ukiona hivyo, punguza matumizi na usimlaumu dereva. Asidi ya betri, ambayo baadhi ya watu humwaga chooni ili kuokoa fedha ya kuzibua, huharibu viungo vya bomba na humwunguza fundi atakayefuata. Na mtu yeyote, fundi au kijana wa jirani, asiruhusiwe kushuka shimoni, kwa kuwa hewa ya mle huua haraka, na mara nyingi humwua pia anayeshuka kumwokoa wa kwanza.

Simu yenyewe

Fundi anayefaa hujulikana kabla hajafika. Sikiliza mazungumzo ya namna hii:

"Fundi, samahani kwa kukuamsha."

"Bila samahani, mama. Kuna nini?"

"Bomba la bafuni limepasuka, pale linapoingia ukutani. Nimefunga koki ya chini ya tangi, maji yamekata. Ni lile la kijani, la nusu inchi."

"Hilo ni PPR. Mashine iko kwa mwenzangu, naichukua alfajiri. Hakuna maji yanayotoka hata kidogo?"

"Hakuna, baba."

"Basi lala, mama. Saa moja asubuhi nipo hapo na soketi mbili. Nikija sasa hivi utanilipa nauli ya bure."

Fundi huyu ameuliza aina ya bomba, amehakikisha maji yamezuiwa, na amekataa fedha ambayo angeweza kuichukua. Anayejibu "nakuja, andaa hela" bila swali hata moja atakuja na msumeno na matumaini, na atakutuma dukani akiwa tayari amekata bomba.

Bei ipatane katika mafungu matatu yaliyotenganishwa: nauli, vifaa na ufundi. Nauli ilipwe akifika, na vifaa vinunuliwe kwa risiti au wewe mwenyewe ukiwa naye dukani. Malipo ya awali yawe ya vifaa peke yake. Ufundi ulipwe sehemu kubwa baada ya maji kufunguliwa taratibu na kiungo kukauka mbele ya macho yenu wote wawili, na kiasi kilichobaki siku inayofuata, jambo ambalo ni vizuri alijue kabla hajaanza kazi ili asidhani unamdhulumu. Sababu ya kusubiri ni kwamba presha ya laini huwa kubwa usiku, majirani wakiwa wamefunga bomba zao, na kiungo kilichokuwa kikavu saa saba mchana kinaweza kuanza kudondosha saa tano usiku. Kwa hiyo ukuta uliovunjwa uachwe wazi usiku huo, bila kupigwa plasta, na asubuhi upitishe kitambaa kikavu chini ya kiungo kabla ya kutuma fedha iliyobaki.